Mtoto Mmoja Mzima

Kazi yangu nikiitaja mbele ya watu, mazungumzo hugeuka. Ninakisia ni pesa kiasi gani zinazotakiwa ili mtoto mmoja asife. Ndiyo kazi yenyewe, sina namna ya kuipamba. Mtu anatoa mchango huko aliko, ofisi yetu hapa Lubumbashi inanunua vyandarua, nami ninakaa mbele ya kompyuta na kujiuliza: bila mchango huu, ni watoto wangapi wangekufa? Na pamoja na mchango huu, ni wangapi watakufa hata hivyo? Ninatoa jibu la pili kutoka la kwanza, na kinachobaki ndicho tunachowaandikia wafadhili kwamba wamekiokoa.

Wapo wanaoniambia, kwa sauti ya kunihurumia, kwamba uhai wa mtu haupimwi kwa pesa. Mara nyingi huniambia hivyo tukiwa kwenye matanga ya mtu, chini ya hema la kukodi, wamekalia viti vya kukodi, spika za kukodi zikitupasua masikio. Mimi hunyamaza. Tatizo ni kwamba uso wangu haujui kunyamaza, na mama amekuwa akiniomba niuchunge tangu nikiwa msichana.

Kaka yangu hakuwahi kuicheka kazi hii. Yeye ni mkubwa wangu, namwita yaya kama sisi wenye asili ya Kasai tunavyowaita wakubwa wetu, wawe wa kiume au wa kike. Ana duka dogo Bel-Air, mtaa uleule tuliozaliwa: sukari, mafuta, unga wa bukari, ugali wetu, soda. Alikuwa mtu wa mzaha, wa kumwambia mteja kwamba mkate umekwisha huku ameuficha chini ya meza, ili tu amwone akinuna kidogo. Alikuwa hivyo mpaka binti yake alipokufa.

Alikuwa mtoto wake wa pekee, ndiyo kwanza ameanza kukimbia bila kuanguka. Malaria ilimshika katikati ya majira ya mvua, ikapanda kichwani. Walimkimbiza hospitali, dawa zikapatikana, damu ikapatikana, kila kitu kilifanywa kwa wakati wake, na bado akafa. Nasema hivi kwa sababu watu hupenda kumtafuta aliyezembea. Hakuna aliyezembea. Baada ya mazishi yaya akaacha kabisa kulitaja jina la binti yake, na sisi tukamfuata. Mke wake alisema "mutoto", mama alisema "yule", na mimi sikusema kitu. Jina zuri lile, lililokuwa likipigiwa kelele uani kutwa nzima, likapotea nyumbani kwetu.

Kwetu, mwaka unapokaribia kutimia, familia huondoa matanga. Ndugu hushonewa kitenge cha aina moja, bukari hupikwa kwa masufuria makubwa ya kuazima, bia huletwa kwa kreti, na wewe uliyekula kwa wenzako miaka yote hupata zamu yako ya kuwalisha. Mama alikuwa ameshaanza kuchagua kitambaa. Ndipo Jumapili moja ya kiangazi, tulipomaliza kula nyumbani kwa mama, yaya akanigeukia.

"Weye unafanyaka ile calcul ku kazi," alisema. "Kuokoa mutoto moya, ni franga ngapi?"

Nilidhani ananitania, na kwa dakika nzima nilifurahi, maana alikuwa hajamtania mtu tangu msiba. Nikamjibu kwa mzaha kwamba inategemea, mtoto mnene au mwembamba.

"Niko nauliza kweli," akasema. "Ile franga ya matanga, nataka tuokoe nayo mutoto. Moya tu."

Mama aliweka kikombe chake chini. "Tulikulaka ku matanga ya bantu bote ba hii avenue. Sasa batasema nini? Siye tunayua kukula tu?"

"Batasema byenye banataka, mama."

Mke wa yaya alikuwa akikusanya sahani. Ni mwanamke asiyependa kuingilia, na mwaka ule alikuwa amezidi kunyamaza. Alisimama na sahani zake mkononi.

"Mie sitaki tena kuona biti bya matanga mu lupango ya nyumba yangu," alisema. "Nilibiona. Inatosha."

Mama alikizungusha kikombe chake mezani. Halafu akatoa sharti.

"Bon. Lakini huyo mutoto, nitamuona. Na atabeba jina ya mujukulu wangu."

Hakuwa anaomba jambo la ajabu. Kwetu, anayebeba jina la mtu wako si mgeni tena. Unamshonea nguo, unamgombeza akikosa adabu, na siku ya harusi yake unakaa mbele pamoja na wazee. Jina la aliyekufa likipata mtoto mwingine wa kuliitikia, nyumba inaanza kupumua tena. Mama alitaka kitu ambacho kila bibi wa Lubumbashi angekitaka. Ni mimi tu mezani pale niliyejua kwamba hakiwezekani, na kwa bahati mbaya mimi siwezi kujua jambo nikakaa nalo.

Nikaanza kueleza. Chandarua, nilimwambia, hakifanyi kama daktari anayemshika mtoto mmoja mgonjwa na kumrudisha. Kinafunika watoto wengi. Wengi wao wasingekufa hata bila chandarua. Wachache watakufa hata wakiwa nacho. Katikati yao yupo mmoja ambaye angekufa na sasa hatakufa, naye atakua kama wenzake, ataiba sukari, atachapwa, ataolewa, bila yeye wala mama yake kujua kwamba ni yeye.

"Kwa hiyo iko," mama alisema.

"Iko, mama, mais hatutamuyua."

"Kama iko, kwabo batamuyua."

Nilitazama dari. Yaya akasukuma karatasi mbele yangu, ile iliyokuwa imefungiwa mikate, akanipa kalamu. Nikaichukua pesa ya hema, ya bia, ya vitenge na ya nyama, nikaigeuza kuwa vyandarua. Kisha nikaanza kupunguza, maana kazi yetu hasa ni kupunguza. Vyandarua vitakavyobaki ndani ya mfuko vikisubiri wageni. Vitakavyochanika. Vitakavyowafunika watu wazima peke yao kwa sababu baba wa nyumba ndiye mwenye kitanda. Watoto ambao wangevipata baadaye kwa njia nyingine. Watoto ambao chandarua hakitawasaidia. Ofisini huwa napunguza bila kupepesa macho, na wenzangu wananisifu kwa ukali huo, wanasema makisio yangu hayambembelezi mtu. Siku ile kila nilipopunguza niliona ninamnyang'anya yaya kitu. Alikuwa ameegemea meza, akiifuata kalamu kwa macho.

"Chini kidogo ya moya," nilisema mwishowe.

Mama alinitazama. "Chini kidogo namna gani? Kichwa iko? Miguu iko?"

Hata mke wa yaya alicheka, amejishika mdomo kwa kitambaa cha sahani. Nami nilicheka mpaka machozi. Yaya peke yake hakucheka.

"Niongeze ngapi, afike moya?"

"Yaya, ni makisio. Inaweza kuwa nusu, inaweza kuwa babili. Inaweza hata kuwa hakuna."

"Niongeze ngapi?"

Nikamwambia. Wiki hiyohiyo akaiuza friza ya duka, ile ya soda, akaniletea pesa ofisini zikiwa zimefungwa ndani ya kitambaa. Alisimama mbele ya meza yangu amevaa shati lake la Jumapili. "Sasa iko muzima?" aliuliza. Nikamwambia makisio ya katikati yamefika mmoja. Alinishukuru kwa heshima, kama mtu wa nje, akaondoka. Kuanzia siku hiyo Bel-Air ilikunywa soda za moto, na watu walilalamika kweli.

Vyandarua tulivipeleka Lukafu kabla ya mvua kuanza. Muuguzi wa zahanati moja ya huko alikuwa ametueleza juu ya kijiji kipya, watu waliohamia kutafuta mashamba, kijiji ambacho hakikuwepo wakati vyandarua vilipogawiwa mara ya mwisho. Yaya alikataa kuja. Alisema atakuja siku mtoto atakapokuwepo. Mama alikuja, amevaa kitenge chake cha misa, amekaa mbele karibu na dereva, na njia nzima alimwonyesha dereva mashimo ambayo dereva alikuwa ameshayaona. Vumbi jekundu lilitufuata na kutuingia hadi kwenye meno. Nilimwuliza kama amechoka. Akasema anaenda kumwona mjukuu, atachokaje.

Chandarua kipya huanikwa kwanza kivulini, dawa yake ipungue ukali, isiwashe macho. Kamba zote za kijiji zilijaa, na zilipokwisha tukatumia ua wa majani na mgongo wa gari letu. Tulikaa na wanawake tukinywa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, kilichokuwa kitamu na baridi kuliko soda yoyote ya kaka yangu. Mimi nilikuwa nikikata mipira ya ndani ya magurudumu kuwa vipande vyembamba vya kufungia. Nilijua mama atauliza. Nilikuwa nikiomba tu asiulize kabla hatujamaliza kazi.

"Bamama," mama alisema, "mutoto wetu ni wapi?"

Wanawake walitazamana. Mama akawaeleza bila haraka: mjukuu wake alikufa kwa malaria, matanga yake hayataliwa, pesa ya matanga ndiyo hii inayoning'inia kwenye kamba, na binti yake huyu aliyesoma amesema ndani yake mna mtoto mmoja, naye atabeba jina la mjukuu, na hapo akalitaja. Walimpa pole kwa makofi yale ya taratibu ya vijijini kwetu, magoti yakiwa chini. Mmoja alijifunika uso na kulia. Halafu wote wakanigeukia mimi.

Mwanamke mmoja kijana, mwenye mimba kubwa, ndiye aliyeuliza. "Dada, haiyulikane ni wa nani?"

"Haiyulikane."

"Inaweza kuwa wangu?" Aliweka mkono tumboni.

"Inaweza."

"Na wa huyu?" Akamwonyesha jirani yake.

"Hata wa huyu."

"Hata akikomala, haitayulikana?"

"Hata akikomala."

Aliitikia kwa kichwa polepole, akarudia maneno yangu kwa wenzake kwa lugha yao. Nilifurahi sana. Niliona angalau mtu mmoja ameelewa, nikarudi kwenye mipira yangu nikijisikia mwalimu mzuri.

Mama, kwa upande wake, alielewa alichotaka. Tuliporudi mjini alimwambia yaya kwamba mtoto yupo, wanamngojea tu. Nililijua hilo nilipopita dukani kununua mafuta, yaya akaniuliza kwa sauti ya chini, huku akimhudumia mtu mwingine, kama mtoto wa Lukafu ameshazaliwa. Nililipa, nikatoka, nikapanda teksi moja kwa moja hadi Annexe, pembezoni mwa mji, kwenye kiwanja ambako mama analima mahindi na matembele. Nilimkuta ameinama na jembe.

"Mama, ulimudanganya yaya."

Hakuinua kichwa. "Nani alisema iko moya? Ni mie?"

"Nilisema makisio!"

"Ulisema kama hatupeleke, moya angekufa. Sasa huyo moya hana mama? Halale mu nyumba? Ana mama, ana mikono, pengine sasa hivi analia mahali. Weye haumuyue, basi. Kukosa kumuyua haiseme haiko."

Nilisimama pale na chupa yangu ya mafuta mkononi, nikiwa na hasira. Alichosema ndicho hasa ninachokiandika kila mwezi, ila mimi naandika "uhai mmoja" na kuendelea na mstari unaofuata. Sikuwa nimewahi kumfikiria akilia mahali. Nikavua viatu, nikachukua jembe la pili, nikaanza kulima kwenye mstari wake. Alinisahihisha namna ninavyolishika. Nilimpenda sana mchana ule, na sikumsemesha hadi tulipoondoka.

Siku ya mwaka ilipofika tulisomesha misa tu. Baadhi ya majirani walinuna, kama mama alivyotabiri, na mmoja alituuliza mlangoni mwa kanisa kama siku hizi tumekuwa watu wa dini nyingine. Yaya alimwambia ndiyo. Ulikuwa mzaha wake wa kwanza, na mke wake alimtazama haraka kuona kama kuna mwingine unakuja.

Mvua zilipokwisha nilipaswa kurudi Lukafu. Ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda: kubisha hodi, kuomba ruhusa, kuingia na kutazama juu ya kitanda kama chandarua kinaning'inia, au kimegeuka ua wa kuzuia vifaranga. Yaya akasema safari hii anakuja. Mke wake alikuwa ameshona gauni dogo la njano, lenye mfuko mmoja mbele. Yeye mwenyewe alisema miguu haitambeba. Alilikunja gauni, akampa mumewe, akaingia ndani kabla gari halijaondoka.

Mama alisinzia mbele. Mimi na yaya tulikuwa nyuma, na gauni lilikuwa juu ya magoti yake. Nilivumilia kadiri nilivyoweza, na kwangu mimi si mbali.

"Yaya," nilisema, "kule hakuna mutoto wa kukuonyesha. Nataka kusema, iko, mais..."

"Nayua."

"Unayua?"

"Nilikusikia ile siku ya kwanza. Mie ni muntu wa biashara, unazani siyue makisio ni nini?" Alilinyoosha gauni kwa kiganja. "Mama anataka mutoto. Batamuonyesha moya, wa uongo ao wa kweli, sitauliza. Mie nataka tu kumuita. Tangu tulimuzika sikumuita tena. Nataka niite ile jina mara moya, mutoto aniangalie. Kisha turudie ku nyumba."

Nilikuwa nimedhani friza iliuzwa kwa ajili ya hesabu. Niliegemea bega lake kama nilivyokuwa nikifanya utotoni, na akaniacha.

Gari lilikuwa halijasimama vizuri mama alipofungua mlango. Wanawake walikuwa wamesikia mlio wetu na walikuwa wakija, wakijipangusa mikono. "Bamama," mama alipaza sauti, "mutoto wetu ni wapi?"

Yule kijana aliyekuwa na mimba akaja mbele. Mimba haikuwepo, mtoto alikuwa mgongoni. "Ni huyu," alisema, na akalitaja jina.

Mama alikuwa ameshanyoosha mikono pale sauti nyingine nyuma ikasema, "Na huyu." Mwanamke mwingine alikuwa akimfungua mtoto mgongoni. Kutoka upande wa jikoni mwingine akaita, "Na wangu!" Wakaendelea kuja. Mama aliwatazama, akanitazama mimi, kana kwamba nilimficha jambo.

"Dada alisema haiyulikane ni wa nani," yule wa kwanza alimweleza. "Sasa tungefanya je? Tukichagula moya, na kumbe siye? Tulisema kila mutoto mwanamuke mwenye atazaliwa kisha ya moustiquaire yenye mulituletea, abebe ile jina."

Mama alicheka mpaka akalazimika kushika mlango wa gari. Alibusu vichwa, alikagua vidole, alimkaripia mama mmoja kwa kumvika mtoto kofia kwenye joto. Halafu akakumbuka, akashika mdomo. "Na gauni ni moya!" alisema, akaanza palepale kuulizia vipimo.

Yaya alikuwa bado amesimama kando ya gari. Aliita jina mara ya kwanza kwa sauti ndogo, iliyokwaruza, na hakuna aliyesikia isipokuwa mimi. Akaita tena, safari hii kama alivyokuwa akiita uani kwake wakati chakula kimeiva. Akina mama wakaitikia kwa niaba ya watoto wao, wakicheka. Mmoja wa watoto, aliyekuwa ameshajua kukaa, amewekwa juu ya mkeka, aligeuza kichwa na kumtazama. Alimtazama vibaya, kama anayesumbuliwa. Yaya akaenda akamnyanyua. Mtoto alimshika sikio na kulivuta, na yaya akaliacha sikio livutwe. Nililia mbele ya watu wote wale, na muuguzi wa zahanati, aliyekuja kutupokea, kwa upole wake alianza kuniuliza juu ya barabara.

Wanawake walipoanza kutawanyika kwenda kuwasha moto ndipo nilipomwona mmoja aliyekuwa amesimama karibu na ukuta. Mikono yake ilikuwa mitupu. Alikuja polepole, akapiga magoti mbele ya yaya, akapiga makofi taratibu kama mtu anavyomsalimu mkubwa. Yaya alimrudisha mtoto kwa mama yake.

"Baba," mwanamke alisema, akitazama chini, "hata mie nilipatia wangu ile jina. Ilinikufia, mu mwezi wa mvua mingi. Moustiquaire ilikuwa. Nilikuwa nafunga kila mangaribi, dada aende aone, ingali. Hata ku zahanati tulifika. Mulitupatia jina yenu, mie nikaipoteza. Munisamehe."

Alikuwa amekaa na hofu hiyo kwa miezi, kwamba watu wa mjini watakuja kuuliza jina lao liko wapi. Baadhi ya wenzake walinitazama mimi, mtu wa hesabu, kama nina la kusema. Na lilikuwepo, ndilo lililoniuma. Mtoto yule nilikuwa nimeshamtoa. Nilimtoa mezani kwa mama, kwenye karatasi ya mikate, niliposema wapo ambao chandarua hakitawasaidia. Nilijua atakuwepo, na nilijua hivyo kabla hajazaliwa. Sikuwa nimejua tu kwamba atakuwa na mama atakayepiga magoti kuomba msamaha.

Yaya naye akapiga magoti, juu ya udongo, mpaka nyuso zao zikawa sawa.

"Hata mie, mama," alisema. "Ilinikufia hata mie."

Mwanamke aliinua macho. Yaya hakutafuta neno la kumfariji. Alimwuliza tu, "Wako alikuwa namna gani?"

Akamwambia. Alikuwa na nywele nyingi tangu kuzaliwa. Hakulia ovyo. Alipokuwa akinyonya alishika kidole cha mama yake na hakukiachia hata usingizi ukimchukua, ikabidi mama abaki amekaa vile, chakula kikiungua. Alieleza kwa kusitasita mwanzoni, kisha maneno yakaja yenyewe, na yaya aliyasikiliza yote bila kumkatiza. Mama yangu aliacha vipimo vyake, akaja, akaketi chini kando yao na kitenge chake cha misa.

"Na wenu?" yule mwanamke aliuliza. "Yeye alikuwa namna gani?"

Hakuna kati yetu aliyekuwa amemwuliza kaka yangu swali hilo, mimi wala mama wala majirani waliokuja kulia naye. Yaya alijipangusa uso kwa kiganja. Akamtaja binti yake kwa jina, akaanza kumweleza.